Kokoto Nyepesi za Udongo katika Zege: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Zege la kawaida ni zito. Mita moja ya ujazo ya zege lililochanganywa kwa saruji, mchanga na kokoto za mawe huwa na uzito wa kilo 2,400 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo hutokana na kokoto. Dari ya zege yenye unene wa sentimita 15 juu ya chumba cha mita 4 kwa 5 ina uzito wa kilo 7,200 kabla hajapanda mtu wala kuwekwa kiti. Ndiyo maana mwenye nyumba anayetaka kuongeza ghorofa, kuinua kimo cha sakafu au kuweka mteremko wa maji juu ya dari huvutiwa upesi anapoambiwa kwamba ziko kokoto nyepesi kiasi cha kuelea majini.

Kokoto hizo zipo, na sifa zake nyingi ni za kweli. Hata hivyo, kile kinachozifanya ziwe nyepesi ndicho kinachobadili pia nguvu ya zege, kiasi cha maji kinachohitajika, muda wa kukauka na hata namna ya kupima mzigo dukani. Mlaji anayenunua wepesi pasipo kujua umetoka wapi aweza kulipa fedha nyingi kwa kitu chema kilichowekwa mahali pasipokifaa.

Jinsi zinavyotengenezwa

Udongo wa mfinyanzi wa aina teule, au mwamba laini uliotokana na udongo, hupitishwa katika tanuri refu la chuma linalozunguka polepole, kwenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Katika joto hilo udongo hulainika, na gesi zinazozaliwa ndani yake huuvimbisha kama andazi linavyovimba katika mafuta. Unapopoa, ngozi ya nje huwa gamba gumu, na ndani hubaki vinyweleo vingi vilivyojaa hewa. Matokeo yake ni vidonge vya mviringo, vya rangi ya kahawia, ambavyo mita yake ya ujazo vikiwa vikavu huwa na uzito wa kilo 250 hadi 800 kutegemea aina. Kokoto za mawe kwa ujazo huohuo hufikia kilo 1,500 hivi.

Ufundi huu si mpya. Stephen Hayde, mkandarasi na mtengenezaji wa matofali wa Kansas City nchini Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1918 baada ya kuona thamani katika matofali yaliyovimba tanurini, ambayo kwa kawaida yalitupwa. Wakati huo Marekani ilikuwa na uhaba wa chuma cha kuundia meli, ikajaribu kuunda meli za zege, na kwa meli wepesi ni jambo la kufa na kupona. Meli ya mafuta iitwayo Selma, iliyoundwa kwa zege la kokoto za namna hii, iliteremshwa majini huko Mobile, Alabama, tarehe 28 Juni 1919. Ilipata ajali, kisha mwaka 1922 ikazamishwa kwa makusudi karibu na Galveston, Texas, na mabaki yake yangali yanaonekana hapo. Vipande vya zege vilivyokatwa kutoka kwake mwaka 1953 na tena mwaka 1980 vilipimwa na kukutwa vingali imara, ingawa vilikuwa vimekaa katika maji ya chumvi kwa miongo kadhaa.

Kwa mwenye nyumba, mfano wenye mafunzo zaidi ni ule wa jengo la kampuni ya simu ya Southwestern Bell, huko huko Kansas City. Lilikuwa na ghorofa 14. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wahandisi waliupima msingi wake na kukadiria kwamba ungeweza kubeba ghorofa 8 zaidi kwa zege la kawaida. Kwa zege jepesi waliongeza 14, jengo likawa na ghorofa 28. Habari hii hupendwa sana na wauzaji. Lakini yafaa izingatiwe mfuatano wa mambo: msingi ulipimwa kwanza, hesabu ikafanywa, ndipo kokoto zikachaguliwa.

Kazi inayozifaa zaidi nyumbani

Kwa maoni yetu, mlaji wa kawaida atapata faida ya hakika zaidi akizitumia kokoto hizi katika tabaka la kujazia kuliko katika zege linalobeba nyumba. Tabaka la kujazia ni lile linalowekwa juu ya dari ya zege iliyokwisha kukomaa ili kuipa paa mteremko wa maji, kuinua sakafu ya bafu ili mabomba yapite chini yake, au kuzuia joto la jua lisishuke chumbani. Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, mtu aliyewahi kulala chini ya dari tupu ya zege anajua kwamba joto la mchana huendelea kushuka hadi usiku. Hewa iliyofungwa ndani ya vidonge hupunguza mwendo huo wa joto kwa kiasi kikubwa.

Mchanganyiko wake ni mwepesi kuuelewa. Vidonge hulowanishwa, kisha huchanganywa na saruji iliyokorogwa kama uji mzito, hadi kila kidonge kivikwe saruji. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutosha ndoo 13 hadi 16 za lita 20. Hakuna haja ya mchanga. Tabaka likiisha kushikana huwa na uzito wa kilo 600 hadi 700 kwa mita ya ujazo, wala halifai kukanyagwa vivi hivi. Juu yake sharti liwekwe tabaka la mota la sentimita 4 hadi 5.

Hapo ndipo ahadi za dukani huhitaji kupunguzwa kidogo. Muuzaji husema kwamba uzito utashuka hadi robo, naye analinganisha vidonge na kokoto. Mwenye nyumba alinganishe kazi iliyokamilika. Kujazia sentimita 12 kwa zege la kawaida lenye kilo 2,300 kwa mita ya ujazo ni kilo 276 kwa kila mita ya mraba. Kujazia sentimita 8 kwa vidonge na kufunika kwa sentimita 4 za mota ni kilo 56 na kilo 84, jumla kilo 140. Juu ya dari ya mita za mraba 60, tofauti ni kati ya tani 16 na nusu na tani 8 na kidogo. Huo ni upungufu wa karibu nusu, na ni faida kubwa. Lakini si robo iliyoahidiwa.

Jambo la kuangaliwa ni maji. Tabaka hili likiwekwa chini ya utando wa kuzuia mvua, na utando huo ukitoboka, maji hujisambaza kati ya vidonge na kutokea darini mbali na tundu lenyewe. Fundi atatafuta tundu juu ya doa asilipate. Kwa hiyo utando uwekwe kwa uangalifu, na mifereji ya paa ikaguliwe kabla ya masika.

Zege linalobeba mzigo

Kutumia kokoto hizi katika nguzo, boriti za zege au dari ya ghorofa kunawezekana, na ulimwenguni kumefanywa kwa zaidi ya miaka mia moja. Zege jepesi la kubeba mzigo kwa kawaida huwa na kilo 1,600 hadi 1,900 kwa mita ya ujazo, nalo laweza kufikia nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba na kuzidi. Hata hivyo halitokani na vidonge vile vile vyepesi vya kujazia. Huhitaji kokoto nzito zaidi ndani ya jamii hiyohiyo, zenye gamba nene, na mara nyingi huhitaji saruji nyingi kuliko zege la kawaida lenye nguvu sawa.

Tena nguvu ya kukandamizwa si habari yote. Kokoto ya jiwe ni ngumu kuliko saruji inayoizunguka, kwa hiyo ufa katika zege la kawaida hulazimika kulizunguka jiwe. Katika zege jepesi ufa hupita katikati ya kidonge. Kwa sababu hiyo, kanuni za Marekani za usanifu wa zege huamuru uwezo wa zege lililotengenezwa kwa kokoto nyepesi na mchanga mwepesi dhidi ya nguvu za kukata uhesabiwe kwa asilimia 75 tu ya ule wa zege la kawaida. Aidha, zege hili hunyumbuka zaidi: dari yenye unene na nondo sawa itapinda chini zaidi, na ukuta uliojengwa juu yake waweza kupata nyufa hata kama dari yenyewe haina hatari ya kuanguka. Kanuni za Ulaya huongeza pia milimita 5 katika unene wa zege linalofunika nondo. Nyumba za pwani, zinazopigwa na upepo wa chumvi, hazina nafasi ya kupuuza milimita hizo.

Kwa hiyo haifai kuchukua mchoro uliosanifiwa kwa kokoto za mawe na kubadili kokoto peke yake, hata kama fundi ana uzoefu wa miaka mingi. Mchoro wenyewe sharti urudi kwa mhandisi aliyesajiliwa, na ikiwa kibali cha ujenzi kilikwisha kutolewa kwa mchoro wa awali, halmashauri nayo ijulishwe.

Yatupasa kulisema waziwazi hili la kuongeza ghorofa, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Chumba chetu cha mita 4 kwa 5, kikiezekwa kwa zege jepesi la kilo 1,700, kitakuwa na dari ya kilo 5,100 badala ya 7,200. Zimeokolewa kilo 2,100. Tangi la maji la lita 2,000 likijaa juu ya dari hiyo huzirudisha karibu zote. Watu, vitanda, makabati na kuta za tofali za ghorofa ya juu havikuwa vyepesi kwa sababu kokoto ni nyepesi. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini na bati unapaswa kuchimbuliwa pembeni, kupimwa na kuhesabiwa upya. Muuzaji wa kokoto anayemwambia mteja kwamba hatua hiyo haina haja anasema jambo asiloweza kulijua akiwa dukani.

Dukani: pima kwa ujazo

Kokoto hizi zinunuliwe kwa lita au kwa mita za ujazo, kamwe zisinunuliwe kwa kilo. Vidonge hunywa maji, na baadhi ya aina huongezeka robo ya uzito wake vikilowa. Anayenunua kwa kilo mzigo uliokaa mvuani hununua maji kwa bei ya kokoto. Hatari ya pili iko kwenye kuchanganya. Kilo 200 za kokoto za mawe hujaza lita 133 hivi. Kilo 200 za vidonge vyenye kilo 350 kwa mita ya ujazo hujaza lita zaidi ya 570. Fundi akifuata kipimo cha kilo kilichoandikwa kwa ajili ya mawe, saruji yake haitatosha kuvivika vidonge hivyo, na zege litakuwa mkusanyiko wa punje zinazoachana.

Ndoo ya lita 20 na mizani ya kawaida humfaa mnunuzi. Ndoo iliyojazwa kokoto za mawe huwa na kilo 30 hivi. Vidonge vikavu vya kujazia, vya kilo 300 hadi 350 kwa mita ya ujazo, havizidi kilo 6 au 7 kwa ndoo. Vile vinavyokusudiwa kwa zege la kubeba mzigo huwa na kilo 12 hadi 16. Ukiuziwa kwa ajili ya dari ya ghorofa vidonge vya kilo 6 kwa ndoo, simamisha kazi hadi mhandisi aseme neno. Mfuko ulioandikwa lita 50 nao ujaze ndoo mbili na nusu. Ukipungua, na muuzaji akakataa kusikiliza, hilo ni suala la Wakala wa Vipimo.

Soma pia maandishi ya mfuko. Kiwango cha Ulaya kwa kokoto nyepesi ni EN 13055. Marekani wana viwango vitatu tofauti: ASTM C330 ni kwa zege la kubeba mzigo, C331 ni kwa tofali za kujengea, na C332 ni kwa zege la kuzuia joto. Tofauti ya tarakimu moja hapa ni tofauti ya kazi nzima. Vidonge vinavyouzwa katika mifuko midogo kwa ajili ya maua na mimea ya majini ni ndugu wa hivi, lakini havikupimwa kwa ajili ya ujenzi.

Viko vitu viwili vinavyouzwa kwa jina hilohilo. Cha kwanza ni vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa. Tofali la tanuri la kijijini halikufikia joto la kuvimba, hivyo kipande chake huzama mara moja kikitupwa ndani ya beseni la maji. Si kitu kibaya: huko Bangladesh, ambako mawe ni haba, zege la vipande vya matofali limejenga nyumba nyingi. Ila wepesi wake ni mdogo, na anayelipia bei ya vidonge amepunjwa. Cha pili ni pumisi, jiwe la volkano lenye matundu, kama lile linalopatikana katika nyanda za Rungwe nchini Tanzania na maeneo ya Longonot nchini Kenya. Pumisi huelea, na ni kokoto nyepesi ya asili yenye heshima ya kale. Warumi waliitumia katika sehemu ya juu ya kuba la Pantheon, lililokamilika karne ya 2. Lakini haina gamba la nje, hunywa maji upesi, na ubora wake hubadilika kutoka shimo moja hadi jingine. Vipimo vya zege la vidonge haviwezi kutumiwa kwa pumisi.

Kuhusu bei, linganisha gharama ya mita ya ujazo ya zege lililomwagwa, siyo bei ya mfuko. Ongeza saruji ya ziada na usafiri. Lori hujaa vidonge kabla halijafikia uzito wake, kwa hiyo anayetegemea kuokoa nauli kwa sababu mzigo ni mwepesi atakuta amelipia safari karibu sawa na za mawe.

Siku ya kumwaga

Vidonge vilowekwe au vinyunyiziwe maji tangu jana yake, kisha viachwe vichuje hadi ngozi ya nje isiwe na maji yanayong'aa. Fundi asiyefanya hivyo ataona zege linakauka ndani ya toroli, kwa kuwa vidonge vinakunywa maji ya saruji. Naye atafanya kile ambacho mafundi wengi hufanya, yaani kuongeza maji. Maji hayo ya ziada ndiyo yanayoiua nguvu ya zege. Vidonge vilivyolowekwa vizuri, kinyume chake, huyarudisha maji polepole kwa saruji inapokomaa, na katika nchi za jua kali hiyo ni baraka, ingawa haiondoi wajibu wa kumwagilia.

Katika zege la kawaida, likitikiswa mno, kokoto huzama. Hapa huelea. Mashine ya kutikisa zege ikiachwa ndani kwa muda mrefu, vidonge hujikusanya juu na mota hubaki chini. Uso haulainiki, na sehemu ya juu huwa dhaifu. Itikiswe kwa vipindi vifupi. Ikiwa zege litapandishwa kwa pampu, mhandisi aarifiwe mapema, kwa maana msukumo wa pampu huyasukuma maji ndani ya vinyweleo na zege laweza kuziba bomba.

Kwa zege la kubeba mzigo, dai michemraba ya majaribio ya milimita 150, ivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Omba pia uandikiwe uzito wake. Mchemraba wa zege la kawaida una kilo 8 hivi. Wa zege jepesi la kilo 1,700 una kilo 5.7 hivi. Mchemraba wa kilo 7 na nusu unakuambia kwamba fundi aliongeza kokoto za mawe, au kwamba hukuuziwa ulichoagiza, na vyovyote iwavyo hesabu ya mhandisi haihusiani tena na dari iliyomwagwa.

Baada ya hapo ni subira. Maji yaliyomo ndani ya vidonge hutoka polepole sana, na tabaka nene laweza kuchukua miezi kabla ya kukauka. Vigae vinavyogundishwa kwa gundi, mazulia ya plastiki na sakafu za mbao visiwekwe mapema, la sivyo vitainuka au kuota ukungu kwa chini. Njia rahisi ya kupima ni kubandika kipande cha nailoni angavu cha mita moja ya mraba sakafuni, kingo zote zikizibwa kwa gundi ya karatasi, na kukiacha usiku kucha. Matone yakionekana chini yake asubuhi, sakafu bado haijakauka. Skrubu na bolti za kutundikia kabati au mashine ya kupoza hewa nazo hushika kwa nguvu ndogo katika zege hili, hivyo zitumike ndefu zaidi, za aina iliyopendekezwa kwa zege jepesi.

Risiti, lebo ya mfuko mmoja, cheti cha shehena, majibu ya maabara na mchoro uliosainiwa na mhandisi vihifadhiwe pamoja na hati ya nyumba. Atakayetaka kutoboa ukuta, kuweka tangi au kuinunua nyumba hiyo miaka ishirini ijayo hataweza kujua kwa macho kwamba zege lililo chini ya rangi si la mawe. Na pale bidhaa iliyoletwa inapotofautiana na iliyoahidiwa, nyaraka hizo ndizo zitakazoombwa kwanza katika ofisi itakayopokea malalamiko.